Chungu wa Kuanzia

Baraza ya mjadala huu iko nje kidogo ya mji wa Unguja, chini ya mwembe, mvua za vuli zikiwa zimeanza kwa kusuasua. Walioketi ni wanne. Mwandishi amewatunga mwenyewe na hakuwapa majina, ila hoja zao hazikutungwa: husikika kila wanapokutana wanaofuga wadudu na wanaowafagia.

Kijana ana miaka 16, yuko likizo kutoka skuli ya dakhalia, na anataka kufuga chungu kama wenziwe wanavyofuga njiwa. Mjomba wake anaishi Hamburg na amekuja kusalimia. Huko ana makundi mawili ya chungu kwenye rafu ya vitabu, na mkewe ameshazoea. Mwalimu ni jirani, amesomesha baiolojia mpaka akastaafu. Wa nne ni Bibi, mwenye nyumba, ambaye hajaombwa maoni na hangoji kuombwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na simu mkononi, basi lipo jambo."

Jambo lipo. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 14,000 za sisimizi na chungu, na Kijana anataka kujua ni yupi kati yao anayemfaa mtu ambaye hajawahi kufuga hata mmoja. Anauliza kwa adabu, lakini jibu analo tayari. Analifungua kwenye simu: chungu mkubwa, mwekundu wa kuiva kama ubuyu uliotiwa rangi, kichwa kipana kuliko kiwiliwili. Kwa Kilatini anaitwa Messor cephalotes, mwenyeji wa nyika za Afrika Mashariki. Malkia wake hupita sentimita mbili.

"Huyu hapa," anasema. "Anaonekana bila ya miwani. Anakula mbegu, kwa hiyo sitahangaika kumkamatia panzi. Tena si mgeni, ni wa kwetu."

Chaguo hilo si la kipuuzi. Chungu wala mbegu wana sifa ambazo kila anayeanza huzitamani. Mbegu hazinuki wala haziozi haraka. Huwekwa pembeni, na wafanyakazi huzibeba wenyewe hadi ghalani. Humo huzimenya, huzitafuna na kuzichanganya na mate mpaka zikawa donge laini ambalo wafugaji huliita mkate. Barani Ulaya, binamu yake mdogo, Messor barbarus wa Hispania, Ureno na Moroko, amekuwa mwalimu wa kwanza wa maelfu ya watu. Kijana amesoma, na amesoma vizuri.

"Bei umeiona?" anauliza Mjomba.

Ameiona. Malkia mmoja wa yule mwekundu huuzwa Ulaya kwa zaidi ya pauni 100.

"Na habari ya Naivasha umeisoma?"

Hapo Kijana ananyamaza, na Mwalimu anaipokea. Tarehe 5 Aprili 2025, katika nyumba ya wageni eneo la Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji wenye miaka 19 kila mmoja walikamatwa na malkia wapatao 5,000. Malkia hao walikuwa ndani ya mirija myembamba ya maabara iliyozibwa kwa pamba, na mirija ilikuwa zaidi ya 2,000. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilieleza kwamba mirija hiyo iliandaliwa kumweka mdudu hai hadi miezi miwili, muda unaotosha kuvuka bahari na kukaa dukani. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa sambamba, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walikutwa na chungu 400. Tarehe 7 Mei mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne: faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

"Wale vijana walisema hawakujua kama ni kosa," anaongeza Mwalimu. "Miaka yao 19. Wewe una ngapi?"

"Lakini mimi nataka mmoja, Mwalimu, si elfu tano." Kijana hakubali kushindwa mapema. "Na wewe mwenyewe ulitusomesha kwamba siku ya kuruka, malkia wengi huliwa na ndege na mijusi. Pengine kati ya mia hasalimiki hata mmoja. Nikimchukua yule ambaye angeliwa, nimemwibia nani?"

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, na wafanyabiashara wameitumia kabla yake. Mwalimu anatafuta jibu huku akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Mnunuzi hachukui atakayeliwa," anasema hatimaye. "Anachukua aliyekwisha kusalimika. Malkia anayeokotwa ni yule aliyetua, akajing'oa mbawa, akaanza kutafuta pa kuchimba. Ndege wameshakula wao. Huyo aliyebaki ndiye kiota cha kesho, na kiota kimoja hubeba mbegu za nyika, nyingine hudondoka njiani na kuota, na udongo hupinduliwa kila siku bila jembe. Halafu si mmoja. Uliwaza mmoja, na muuzaji akawaza wanunuzi wote wanaowaza mmoja."

Bibi anacheka. Ameipenda hiyo.

Mjomba anaona zamu yake imefika. Kwake yeye swali lilijibiwa zamani, na jibu ni jeusi, refu la milimita nne au tano, na halina thamani yoyote sokoni: Lasius niger, chungu mweusi wa bustani, anayepatikana takriban kila mtaa wa Ulaya. Alasiri moja ya Julai, joto kali baada ya mvua, alikuwa akirudi kazini akaona njia ya waenda kwa miguu imejaa wadudu wenye mbawa. Alimwokota mmoja aliyekwisha kuzing'oa zake, akamtia kwenye kichupa cha dawa alichokuwa nacho mfukoni.

Nyumbani alimwandalia makazi, na hapa anayaonyesha kwa vidole kana kwamba anacho kifaa mkononi. Mrija wa kioo unajazwa maji theluthi moja. Kipande cha pamba kinasukumwa kwa kijiti mpaka kiguse maji na kulowa, lakini kisivuje. Anaingizwa malkia. Mdomo unazibwa kwa pamba kavu inayopitisha hewa. Mrija unafunikwa kwa karatasi nyekundu au kuwekwa ndani ya droo.

"Kisha?"

"Kisha unauacha."

"Chakula chake?"

"Hali."

Hakuna sehemu ya ufugaji huu inayowashangaza wageni kama hiyo. Malkia wa Lasius, sawa na wa aina nyingi zinazopendekezwa kwa wanaoanza, hujifungia na hataki kitu kutoka nje. Misuli mikubwa iliyokuwa ikiendesha mbawa haina kazi tena. Mwili wake huiyeyusha, na kwa lishe hiyo hutaga mayai na kuwalisha mabuu wa mwanzo. Wiki sita hadi nane baadaye hutoka wafanyakazi wa kwanza, wadogo mno, weupe kwa siku moja mbili, kisha weusi. Hao ndio wanaohitaji tone la asali na mguu wa nzi. Mpaka wakati huo kazi ya mfugaji ni kutomsumbua. Aina ambazo malkia wake lazima atoke kuwinda kipindi hicho zinamtaka mtu alishe, asafishe na afungue mlango kila siku mbili tatu, na kila kufungua ni nafasi ya kukosea.

Mjomba mwenyewe alikosea. Malkia wake wa kwanza alimfungulia droo kila jioni, akamulika kwa tochi ya simu, akahesabu mayai: sita, tisa, kumi na moja. Siku ya nane yalikuwa manne. Siku ya tisa hapakuwa na yai. Malkia aliyetikiswa na kumulikwa huona mahali si salama, na kwa kuwa mayai yake ni akiba pia, huyala. Wa pili alimwachia wiki tatu kamili, na ndiye aliye kwenye rafu mpaka leo.

"Anaishi muda gani?" anauliza Bibi.

"Mama, kuna Mjerumani mmoja, Hermann Appel, malkia wake wa aina hiyo hiyo aliishi karibu miaka 29."

Kijana anapiga hesabu kimyakimya. Kumi na sita na ishirini na tisa, arubaini na tano. Bibi naye amepiga ya kwake, na yake inatisha zaidi. "Basi nani atamrithi?" anauliza. "Huyu akienda chuo, akioa, akipata kazi Pemba, mdudu atabaki na mimi."

Hili huwa halimo katika orodha za wauzaji. Paka hupita miaka 15 na watu humtafutia jirani wa kumlea. Nani amewahi kumtafutia jirani malkia wa chungu? Sir John Lubbock, Mwingereza aliyefuga chungu ndani ya vioo bapa na kuandika kitabu juu yao, nyuki na nyigu mwaka 1882, alikuwa na malkia aliyeishi takriban miaka 15, na katika muda huo Lubbock alizidi kuheshimika, akazeeka kidogo.

"Niletee mmoja, Mjomba," anasema Kijana. "Safari ijayo."

"Siwezi. Na ningeweza, angekufa." Chungu wa Hamburg amezaliwa na kalenda mwilini. Ikifika Oktoba au Novemba hupunguza kula, huacha kutaga, na asipopata miezi kadhaa ya baridi ya nyuzi tano hadi nane hudhoofika mwaka hadi mwaka. Mjomba huwahamishia wake kwenye friji mpaka Machi.

"Friji gani?"

"Ya jikoni, Mama."

"Pamoja na maziwa?"

"Rafu ya chini."

Bibi anamtazama mwanawe kwa muda. Kisha anaamua kwamba watu hawa wawili, mmoja wa vitabu na mmoja wa ng'ambo, hawamjui mdudu wanayemzungumza. Yeye anawajua wote, na hana haja ya Kilatini. Anawapanga kwa maumivu. Sisimizi wa kwenye sukari hawana neno. Chungu anauma na kuachia. Maji moto, wa juu ya miti, jina lao linajitosheleza. Sungusungu weusi wanakwenda msafara na wakikudunga unakaa chini. Siafu hawakudungi, wanakutafuna, na wakiingia ndani nyumba inahamwa mpaka wamalize kula mende.

"Chagua humo," anamwambia mjukuu. "Wote wako bure."

Ni mzaha, lakini Mwalimu anauchukulia kama mtihani na kuwapitia mmoja mmoja. Siafu hawafugiki: malkia wao hana mbawa, hutaga mamilioni ya mayai, na kundi lazima lihame au life. Sungusungu huishi kwa kuvamia mchwa na karibu hawali kingine, basi anayewafuga afuge na mchwa. Ni hasara kuwaacha, anakiri, maana hakuna chungu wenye kisa kama wao. Watafiti waliowafuatilia Côte d'Ivoire waliona wakitoka vitani wamewabeba majeruhi wao, na huko kiotani wakipaka vidonda majimaji yenye dawa yatokayo kwenye tezi za miili yao wenyewe. Polisi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi hawakujiita Sungusungu bure. Ila huyo si wa kuanzia.

Maji moto ndio wanaomtia Mwalimu shauku. Anasimama, anakwenda mpaka kwenye mwembe, anavuta tawi bila kuligusa jani. Majani matano sita yameshonwa pamoja kuwa mfuko wa ukubwa wa ngumi. Uzi uliotumika ni mweupe kama utando, na haukutoka kwa mshonaji: mfanyakazi humshika buu mdomoni, akampitisha kutoka ukingo wa jani hadi ukingo wa pili, na buu ndiye atoaye hariri. Mwalimu anagonga tawi kwa ukucha. Ndani ya mfuko kunasikika mchakacho mwepesi kama wa mvua juu ya mchanga, na mara wametoka ishirini, matumbo juu, taya wazi. Anarudi barazani upesi kuliko alivyokwenda.

"Hawa walifanyiwa utafiti hapa hapa Unguja," anasema huku akijipangusa kifundo cha mkono. "Mwingereza, M. J. Way, miaka ya hamsini mwanzoni. Minazi yenye maji moto ilisalimika na yule kunguni anayefyonza nazi changa zikadondoka. Wakulima wa korosho wa Mtwara nao wanawajua kwa kazi hiyo hiyo. Lakini utawafuga wapi? Wanataka mti hai, na kundi moja linashika miti kadhaa. Waache kwenye mwembe, uende ukawatazame."

Hapo Kijana anainama. Chini ya kiti cha Bibi kuna msafara: wadudu wadogo wa kahawia wanabeba makombo ya mkate wa kumimina, na kati yao wamo wachache wenye vichwa vikubwa mno, kana kwamba wamevishwa vichwa vya watu wengine. Wako mia, labda mia mbili. Ni wenyeji, ni wa bure, hawaumi sana, wanakula kila kitu, na wamemjia mwenyewe hadi miguuni.

"Basi hawa," anasema. "Mjadala umekwisha."

Mjomba anamuunga mkono, na mwandishi anakubali kwamba kwa juu juu hakuna hoja ya kuwapinga. Jenasi hii ya Pheidole inapendwa na wafugaji wengi. Kundi hukua haraka, askari wenye vichwa vikubwa wana sura ya kuvutia, na mtoto hatangoja mwaka mzima ili aone kitu. Anayeanza akichoshwa na ukimya, anasema Mjomba, hutupa mrija uvunguni na kusahau. Amewaona wengi. Afadhali mdudu wa kawaida anayechangamka kuliko wa fahari anayelala.

Mwalimu hapandishi sauti. Anauliza kama Kijana amewahi kusikia kwamba chungu huyu amemnyang'anya simba pundamilia.

Kisa chenyewe ni cha Laikipia, Kenya. Katika nyika za huko kuna migunga yenye vinundu ambavyo upepo ukivuma hupiga mluzi. Ndani ya vinundu hivyo huishi chungu wa asili, wanaopewa na mti makazi na utomvu mtamu, nao huulipa kwa kumwuma tembo ndani ya mkonga kila anapojaribu kuula. Kiasi cha miongo miwili iliyopita alifika Pheidole megacephala, huyu huyu wa chini ya kiti. Aliwaua wale wa vinunduni, wakubwa kwa mabuu, na hakuwa na haja ya kumwuma tembo. Tembo wakaingia, wakavunja miti. Nyika ikawa wazi. Simba, ambaye huwinda kwa kunyatia, akakosa pa kujificha. Utafiti ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, uliochapishwa katika jarida la Science mwezi Januari 2024, uliweka hesabu: mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika eneo hilo, kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao hapo awali hawakuuawa hata mmoja, nao walifika asilimia 42. Simba hawakupungua, walibadili windo tu, na nyati si windo la mchezo.

"Chungu mdogo hivi?" Bibi ameinua miguu yake kutoka sakafuni.

"Mdogo hivyo, Bi Mkubwa. Na hapa Unguja, Way aliwaona hao hao wakiwafukuza maji moto kwenye minazi."

"Lakini hapa wapo tayari!" Kijana karibu apige meza. "Nikiwafuga hawazidi, nisipowafuga hawapungui. Simba wa Laikipia watadhurika vipi na chupa yangu?"

Kwa nyumba hii ana haki, na Mwalimu anampa haki yake. Kisha anamkumbusha kwamba Januari atarudi dakhalia, na chupa itakwenda naye. Baada ya hapo atawagawia marafiki, mmoja wa Pemba, mmoja wa Tumbatu. Chungu wasumbufu wa dunia husafiri hivyo hivyo. Hawana mbio, wana watu wa kuwabeba. Pheidole hawa walielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1793 kutokana na waliookotwa kisiwani Mauritius, na leo wako Australia, Hawaii na Florida, wote wamefika kwa mizigo na vyungu vya maua. Kundi lao lina malkia wengi, kwa hiyo chupa ikivunjika si msiba wa malkia mmoja aliyepotea, ni mbegu ya kundi jipya. Na ni wembamba, kifuniko kinachomzuia chungu wa kawaida wao wanapita.

Kumbe neno "wa kwetu" limekuwa likitumika barazani kwa maana tatu. Kijana alilitumia kwa mdudu wa Naivasha, ambaye ni wa Afrika Mashariki lakini si wa Unguja. Mjomba alilitumia kwa anayeonekana mtaani. Mwalimu analitaka kwa maana finyu kuliko zote: aliye wa hapa na ambaye, akitoroka usiku wa leo, asubuhi hakitabadilika kitu.

Lakini uenyeji peke yake hautoshi, maana maji moto pia ni wenyeji. Inabaki kutafuta mwenyeji ambaye makosa ya mtoto wa miaka 16 hayatamuua. Awe mkubwa kiasi, asipenye kila ufa. Awe na malkia mmoja. Malkia ajifungie asitake chakula. Asiwe na mwiba. Ale kinachopatikana jikoni. Mwalimu ana mmoja akilini tangu mwanzo, na mwandishi anashuku kwamba aliuchelewesha mjadala makusudi.

"Wale wa usiku," anasema. "Warefu wa miguu, rangi ya hudhurungi na tumbo lenye mabaka, wanaopita ukutani karibu na taa ukizima televisheni. Bi Mkubwa unawajua."

"Wanaingia kwenye asali."

"Hao hao. Camponotus. Afrika nzima wapo, kwa aina nyingi. Malkia wao ni mkubwa, unamshika kwa karatasi bila kumponda. Hawana mwiba, wakikasirika wanauma na kurusha asidi kidogo."

Mjomba anawajua, na ana lawama. Ni wavivu. Kundi la Camponotus likitimiza mwaka linaweza kuwa na wafanyakazi wachache tu, na wale wa kwanza ni vibeti visivyofanana na picha. Kijana atangoja mwezi mmoja na nusu au miwili kuona mfanyakazi, na miaka kuona wale wenye vichwa vikubwa. Lasius wa Hamburg anakupa mji; huyu anakupa familia.

"Mtoto anarudi dakhalia Januari," Mwalimu anajibu. "Unamtakia mji wa kumlisha kila siku, au familia inayoridhika na tone la asali na mbu mmoja kwa wiki?"

Mjomba hana jibu la haraka, na badala yake anatoa rai ya tatu: kwa nini malkia? Marekani mwaka 1956 Milton Levine alianza kuuza Ant Farm, kioo bapa chenye mchanga, na chungu wenyewe huja kwa posta. Ziliuzwa mamilioni. Hazikuwa na malkia, kwa kuwa sheria za huko zinabana usafirishaji wake kutoka jimbo hadi jimbo, na wafanyakazi huchimba, huhangaika na kufa baada ya miezi michache. Kijana achote thelathini uani, atazame mahandaki yao wiki tatu, awarudishe. Mwalimu anaipenda kwa darasa. Kijana haipendi hata kidogo: anasema hiyo ni kutazama watu wakingoja basi lisilokuja.

Yanabaki ya ufundi, na hapo wanaume wawili wanakubaliana kwa dakika tano nzima. Mdomo wa chupa ambamo mrija hulazwa hupakwa poda ya mtoto iliyokorogwa na spiriti. Ikikauka miguu huteleza. Mjomba anaapa kwayo. Mwalimu anamkumbusha hewa ya Unguja: poda itakunywa unyevu na kushikana baada ya siku chache, bora utepe mwembamba wa vaselini, ufutwe na kupakwa upya kila wiki. Asali ipakwe kidogo, si tone linaloelea, kwani wafanyakazi wa kwanza huzama humo. Mende aliyeuliwa kwa dawa asitiwe kabisa. Pamba ikiota ukungu kidogo si kitu. Ikiwa nyeusi, mrija mpya uwekwe mdomo kwa mdomo na wa zamani, wa zamani uachwe kwenye mwanga, nao watahama wenyewe.

Mvua inarudi wakati wa magharibi, nzito mara hii, na inakatika baada ya sala. Taa ya baraza inawashwa. Haichukui muda: kwanza mmoja, kisha kumi, kisha hewa yote imejaa mbawa, na Bibi ameshaagiza beseni la maji liwekwe chini ya taa kama alivyofundishwa utotoni.

Kijana anaokota mmoja na kukimbia naye. "Nimempata!"

Mwalimu anamgeuza kwa kijiti. Mbawa nne zilizolingana. Vipapasio vilivyonyooka kama shanga. Kifua na tumbo vimeungana, hakuna kiuno. "Huyu ni kumbikumbi, mwanangu. Mchwa. Ndugu wa mende, si wa chungu. Mpe Bibi."

Bibi anampokea bila maneno.

Wa pili ni kumbikumbi. Wa tatu na wa nne pia. Mjomba amevua viatu na kupiga magoti ukutani, tochi mdomoni, shati la safari limelowa, na ndiye anayemwona: wa hudhurungi, kiuno chembamba kama uzi, vipapasio vilivyokunjwa kiwiko, mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma. Anatembea kwa hatua za mtu anayetafuta namba ya nyumba.

"Bado ana mbawa," ananong'ona Kijana. "Pengine hajaolewa."

"Mweke mrijani, ngoja siku mbili," anasema Mjomba. "Akizing'oa, twende."

"Na asipozing'oa?"

"Unamrudisha ukutani," anasema Mwalimu.

Mrija wenyewe unatoka mfukoni mwa Mjomba, ambaye amekuwa akiutembeza tangu Hamburg bila kumwambia mtu. Bibi anautazama ukijazwa maji ya mtungi wake, pamba ikisukumwa kwa kijiti cha mshikaki, na mdudu akiingia mwenyewe gizani kana kwamba amepajua siku zote. Anauliza utakaa wapi. Kijana anataja kabati la jikoni, kwa kuwa kuna giza na halifunguliwi mara kwa mara.

"Asali iko humo," anasema Bibi, na anarudi kwenye beseni lake la kumbikumbi.